Nani Aliwaambia Wasome Uhandisi?

Mwalimu Nyerere, katika miaka yake ya mwisho, alipenda kukumbusha kwamba nchi aliyoipokea kwa Waingereza mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Takwimu hiyo imerudiwa kwenye hotuba, kwenye magazeti na kwenye mabishano ya vijiweni mpaka imezoeleka kama methali. Kila anayeitaja hutaka tushangae uchache wao. Mimi nilisomea uhandisi na nimetoka Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo hushangaa jambo jingine: wale wawili walishauriwa na nani? Nani alimkalisha kijana wa Tanganyika ya kikoloni akamwambia, wewe hesabu zako zinatosha, nenda kasome kujenga madaraja?

Huku kwetu mashine zilitangulia kufika, wahandisi wakaja baadaye sana. Mwaka 1901 wamisionari wa UMCA waliishusha ziwani meli yao, Chauncy Maples. Ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari, kwa mto na kwa nguvu za watu, ikaungwa upya. Miaka 13 baadaye, Agosti 1914, mzinga wa kwanza wa Vita Kuu katika ziwa hili ulipigwa Liuli, kusini mwa Ngumbo, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa amepata habari kwamba vita vimetangazwa. Tunapolalamika leo kwamba mtandao wa simu mwambaoni ni mbovu, tukumbuke kuwa habari kuchelewa kufika huku kumewahi kumgharimu mtu meli nzima.

Katika simulizi hizo zote Mwafrika ni mbebaji, mkata kuni au baharia. Hata hivyo, ukipanda milima ya Mbinga utakuta ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa kama sega la nyuki kwenye miteremko mikali. Yanazuia mvua isikokote udongo, na majani yanayofukiwa humo huoza yakawa mbolea. Wataalamu wa vyuo vikuu wamekuja kuyapima na kuyaandika. Waliobuni kazi hiyo hawakuwahi kuitwa wahandisi, wala hakuna aliyewauliza kama watoto wao wangependa kusomea fani hiyo.

Elimu ya ufundi ya wakati wa ukoloni iliishia kwenye fundi. Wabenediktini wa Peramiho walikuwa na karakana ambazo vijana wa Ungoni na Umatengo walijifunza useremala, uashi na uhunzi. Katika miaka ya 1950 Ifunda ikawa shule ya ufundi, na mwaka 1957 ikaanzishwa taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam, ile ambayo leo ni DIT. Aliyetaka zaidi ya hapo alitazama nje ya mipaka. Chuo cha ufundi cha kifalme cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956, nacho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Chuo kikuu cha kwanza cha kwetu kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, sheria, na wanafunzi 14. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na fani kubwa zikagawanywa kama urithi: udaktari wa binadamu na kilimo Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Tanzania aliyechagua kozi alikuwa anachagua pia nchi ya kuishi kwa miaka kadhaa. Akichagua sheria atabaki Dar. Akichagua uhandisi apande basi la Nairobi, au atafutiwe nafasi Ulaya, Urusi au India.

Katika miaka hiyo ya 1960 mshauri wa masomo alikuwa jedwali. Serikali ilifanya tathmini za mahitaji ya watumishi wa ngazi za juu, ikahesabu nafasi zilizopo na zitakazokuwapo, zinazoshikiliwa na wageni na zinazokaribia kuachwa wazi, kisha ikagawa fedha za masomo kufuatana na hesabu hiyo. Aliyepokea fedha hizo alitia saini kwamba akimaliza ataitumikia nchi kwa miaka 5. Kama jedwali lilitaka wahandisi wa barabara, basari za uhandisi wa barabara zilikuwapo. Kama halikutaka wanahistoria zaidi, mapenzi yako na historia yalikuwa shauri lako.

Wapo wanaoisimulia enzi hiyo kwa uchungu, na wanayo haki. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Serikali iliyokulipia ilikuwa na sauti juu yako. Lakini nikilitazama lile jedwali kwa macho ya mtu wa mwambaoni, naona kitu ambacho hatujawahi kukipata tena: mtu mmoja, ofisini, aliyekaa akahesabu kazi zilizopo kabla ya kumwambia mtoto wa mwenzake asome nini. Aliamuru, ndiyo. Ila alikuwa amehesabu.

Reli ya TAZARA ni mfano mzuri. Wakati njia ikijengwa, Wachina walipokea vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia wakasome mambo ya reli Beijing kuanzia mwaka 1972. Hakuna kati yao aliyehitaji kujiuliza atafanya kazi wapi baada ya kuhitimu. Njia yenyewe ilikuwa inawangoja.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika mwaka 1970, na Dar es Salaam ikajikuta ni chuo kikuu kamili kisicho na uhandisi. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. (Wajerumani wale wale. Wajukuu wa wenye meli ya Liuli walirudi na mitaala.) Kilianza na fani tatu: ujenzi, mitambo na umeme. Masomo yalikuwa ya miaka minne, na waliokibuni walisisitiza mwanafunzi aende karakana na viwandani akashike chuma kwa mikono yake. Mazoezi ya viwandani ambayo wanafunzi wa leo huyaita PT yana mizizi hapo.

Mwaka uliofuata, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma. Kuanzia hapo kijana wa kidato cha sita hakwenda tena chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda kwanza JKT, kisha akafanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha akahitaji mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Fikiria maana yake kwa udahili. Karatasi iliyoamua kama utasoma uhandisi haikuwa na alama za fizikia peke yake. Ilikuwa pia na maoni ya katibu wa tawi juu ya tabia yako. Idadi ya wasichana waliofika chuoni ikapungua kiasi kwamba masharti yalilegezwa kwao baada ya miaka michache.

Naomba nitoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu bila hilo hatutaelewa kwa nini mshauri wa masomo kwetu amekuwa mtu asiyejulikana kazi yake.

Mwaka 1877 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, kiliweka utaratibu wa kumpa kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwalimu wa kumwongoza katika kuchagua masomo. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimeanza kuwaacha wanafunzi wajichagulie masomo badala ya wote kusoma orodha moja, na mwanafunzi anayejichagulia anaweza kupotea. Mshauri alizaliwa na uchaguzi. Mpaka leo, MIT kwa mfano, mwanafunzi anamaliza mwaka wa kwanza kabla ya kutaja fani atakayobobea, na mwaka huo mzima yuko mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza naye kuhusu jambo hilo.

Sisi tulirithi mfumo mwingine, wa Kiingereza kwa upande mmoja na wa Kijerumani kwa upande mwingine. Unaingia chuoni tayari wewe ni wa umeme au wa ujenzi. Orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza imeshapangwa: hesabu za uhandisi, mekanika, michoro, stadi za mawasiliano, taaluma za maendeleo. Unajisajili kwa kukubali. Masomo ya kuchagua huja mwaka wa tatu au wa nne, nayo ni machache. Unapangiwa mshauri, jina lake liko kwenye ubao wa matangazo au ndani ya akaunti yako, na wengi wetu tulimwendea pale tu mambo yalipoharibika: sapu zimekuwa nyingi, somo la mwaka wa pili umelikeri mpaka wa tatu na limegongana kwenye ratiba, au harufu ya disko imeanza kusikika. Mshauri wangu alikuwa mtu mwema. Mara ya kwanza niliyoingia ofisini kwake aliniuliza, "Nikusaidie nini?" na sote wawili hatukuwa na jibu. Hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuchagua.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa umefanyika zamani, mbali na pale, na hapakuwa na ofisi.

Kwa mfumo tuliokulia, mwisho wa kidato cha pili mwanafunzi aliamua kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha. Hesabu na biolojia zilibaki za lazima. Fizikia iliachwa kwa hiari. Sisemi hiari kwa utani. Katika shule niliyosoma, mwalimu wa fizikia aliondoka katikati ya mwaka na hakuletwa mwingine. Tulipofika mwisho wa kidato cha pili, mwalimu wa taaluma alisimama mbele ya darasa akasema wanaotaka kuendelea na fizikia wanyooshe mikono. Tulinyoosha wachache, na mimi nilinyoosha kwa sababu moja tu: kaka mmoja wa kijiji chetu, aliyekuwa anasoma kidato cha sita Songea, alikuja likizo na madaftari yake, akaniambia, "Ukiiacha fizikia umefunga milango ambayo hata hujaiona." Hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa amekuja kula usipa kwao.

Hilo ndilo dawati la usajili wa uhandisi Tanzania. Lipo kidato cha pili, na anayeketi hapo ni mtoto wa miaka 15 au 16. Akiiacha fizikia hawezi kupata tahasusi ya PCM, na bila fizikia na hesabu za juu hawezi kudahiliwa uhandisi kwa njia ya kidato cha sita. Inabaki njia ya vyuo vya ufundi, nayo ni njia nzuri ambayo hatuisemi vya kutosha, lakini nayo pia inataka ufaulu katika masomo ya sayansi.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata hadi vijiji ambavyo mtoto alilazimika kuvuka mito ili apate sekondari. Hilo lisibezwe. Kabla ya hapo wengi wa rika langu mwambaoni waliishia darasa la saba, wakaenda kwenye nyavu au kwenye mihogo. Ila majengo yalitangulia walimu, na walimu wa sayansi walikuwa wa mwisho kabisa kufika. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara, wananchi wakachangishwa, kuta zikapanda nchi nzima. Maabara ni kuta, vifaa na mtu. Kuta zilipatikana haraka kuliko hivyo viwili vingine.

Wakati hayo yakitokea huku chini, kule juu jedwali la miaka ya 1960 lilikuwa limeshakufa. Miaka ya 1990 serikali iliacha kumhakikishia kila mhitimu ajira, na uchangiaji wa gharama ukaingia. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, mwaka ule ule Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilipoanzishwa. Vyuo vikaongezeka: Dodoma mwaka 2007, na chuo cha ufundi cha Mbeya kikapanda ngazi kwa ngazi mpaka kikawa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, cha kwanza cha aina hiyo ambacho mtu wa mwambao wa Nyasa anaweza kukifikia kwa meli hadi upande wa Kyela na basi moja. Fani nazo zikazaliana. Badala ya zile tatu za mwaka 1973, leo kuna kemikali, migodi, petroli, nguo, mawasiliano, kompyuta, mazingira, umwagiliaji, na majina mengine ambayo mzazi wa Ngumbo hawezi kuyatofautisha, na simlaumu.

Mwaka 2010 TCU ilianzisha mfumo mmoja wa udahili kwa njia ya mtandao. Mwombaji aliorodhesha kozi na vyuo kwa mpangilio wa mapenzi yake, mashine ikalinganisha alama zake na nafasi zilizopo. Faida yake ilikuwa wazi: mtoto wa mbali hakulazimika tena kutuma bahasha kila chuo. Hasara yake ilikuwa kwamba wapo waliojikuta wamepelekwa kwenye kozi au chuo ambacho moyo wao haukuwapo. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliusema hadharani utaratibu wa TCU kuwapangia wanafunzi vyuo, na tangu udahili wa mwaka huo waombaji wakarudi kuomba vyuoni moja kwa moja. TCU ikabaki kuhakiki na kutoa mwongozo wa sifa za kujiunga.

Mwongozo huo ni kitabu kinene. Nimeusoma kurasa nyingi, na ninausifu kwa usahihi wake. Unakueleza kozi fulani katika chuo fulani inataka ufaulu gani, ina nafasi ngapi, inachukua miaka mingapi. Haukuelezi mhandisi wa kozi hiyo huamka asubuhi akafanya nini, wala kama wa mwaka jana wamepata kazi. Kwa hiyo pengo hilo hujazwa na uvumi.

Uvumi una historia yake pia. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi ilipogunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari ya kusini, kila mtu akawa mshauri wa masomo. Someni petroli, tuliambiwa, Mtwara itakuwa Dubai. Vyuo vikafungua kozi za petroli na vijana wenye alama kali wakajaa humo. Mradi mkubwa wa kusindika gesi huko Lindi umeendelea kuwa wa mazungumzo kwa zaidi ya miaka 10, na wahitimu wa petroli ninaowafahamu wanauza vifaa vya sola, wanafundisha, mmoja ana duka la simu. Ruvuma tuna toleo letu la hadithi hiyo. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011, malori yakapita, na watoto waliokaa kando ya barabara wakataka uhandisi wa migodi. Ngaka angalau inachimbwa. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, upande wa Ludewa, vimengojwa tangu kabla ya wazazi wao kuoana.

Mtu aliyesoma petroli mwaka 2012 hakukosea hesabu. Hakupewa namba za kuhesabu.

Basi namba hizo huombwa kwa simu. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mimi hupigiwa na watu wa nyumbani ambao baadhi yao siwajui sura. Mhandisi wa ukoo ni kama daktari wa ukoo: unaulizwa yote. Mwaka jana aliyepiga alikuwa binti wa kaka yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umepata nini?"

"Fizikia C, Kemia C, Hesabu E. Daraja la pili, pointi 11."

Nilimpongeza, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa napiga hesabu. Katika udahili C ni pointi 3 na E ni pointi 1. Fizikia na hesabu kwa pamoja ni 4.0 kamili, ndiyo kiwango cha chini. Kwa kanuni, mlango wa uhandisi uko wazi kwake. Kwa ushindani, vyuo vikubwa vitajaza nafasi za umeme na ujenzi kwa wenye A na B kabla ya kufika jina lake. Na E ya hesabu ni jambo la kutisha kwa anayekwenda kukutana na hesabu za uhandisi mihula mitatu au minne mfululizo. Nimeona wenye B wakidisko.

Baba yake alikuwa anataka aombe ualimu wa sayansi. Alitoa hoja nzito: fizikia yake ni nzuri, kozi za ualimu wa sayansi ziko kwenye vipaumbele vya mkopo, ni miaka mitatu badala ya minne, na mwalimu hata asipoajiriwa na serikali hakosi shule binafsi ya kuanzia. Ningeweza kumpinga kwa kusema walimu nao wako mitaani. Sikumpinga. Nilimwambia mwanawe aniambie E ile imetoka wapi.

Akanisimulia. Kidato cha tano walikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu za juu. Mada karibu nusu walizisoma wenyewe kwa vikundi. Alipofika kidato cha sita akaja mwalimu wa kujitolea, na katika mtihani alijibu vizuri maswali ya mada alizofundishwa na mtu, akaacha mengine. Hiyo ni habari ambayo haimo kwenye cheti. E ya mtoto aliyefundishwa mada zote na E ya aliyefundishwa nusu zinaandikwa kwa herufi moja.

Tuliomba vyuo vitatu, kila kimoja na ada yake ya maombi: umeme katika viwili, ualimu wa fizikia na hesabu katika kimoja. Fomu ya mkopo ilikuwa kazi nyingine. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, fomu ichapishwe, itiwe saini na mihuri, ipigwe picha, irudishwe kwenye mfumo, na yote hayo yafanyike kabla hajajua atachaguliwa wapi, yaani anaomba pesa ya safari ambayo hajui inaelekea wapi. Vifaa vya kuchapishia hakuna kijijini, kwa hiyo alikwenda Mbamba Bay na kurudi. Barabara ya lami ya kutoka Mbinga inashuka hadi huko sasa, ila Ngumbo haiko Mbamba Bay.

Nilimwambia ukweli wote nilionao kuhusu kozi ya umeme. Kwamba mwaka wa kwanza haufanani na umeme hata kidogo, ni hesabu na mekanika. Kwamba asijilinganishe na waliotoka shule zenye maabara kwa muhula wa kwanza, ajilinganishe nao kuanzia wa tatu. Kwamba amtafute mshauri wake wiki ya pili, kabla hajawa na tatizo, na aende na swali lililoandikwa kwenye karatasi ili wasiangaliane kama nilivyoangaliana na wangu. Kwamba somo likimshinda asilikeri kwa kiburi akidhani atalimaliza mwakani pamoja na mengine, maana ratiba ya mwakani haimjui. Kwamba PT ya mwaka wa kwanza asiende inakokwenda kundi, aombe TANESCO au mradi wa maji ulio karibu na nyumbani, akalale kwao bure na bumu libaki mfukoni. Nilimwambia pia kwamba wasichana watakuwa wachache darasani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuendesha masomo ya maandalizi kwa wasichana waliokuwa karibu na kiwango cha kuingia uhandisi, na waliopitia huko hawakuwa wajinga. Walikuwa wametoka shule kama yake.

Majibu yalipotoka alikuwa amechaguliwa vyuo viwili, umeme katika kimoja na ualimu katika kingine. Aliyechaguliwa zaidi ya sehemu moja hutumiwa namba maalumu kwa ujumbe wa simu, naye huitumia kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Kaka yangu alinipigia mwenyewe safari hii. Hakuuliza kozi ipi ina kazi. Aliuliza, "Akishindwa hesabu mwaka wa kwanza, anarudishwa na deni?" Nikamjibu kwamba ndiyo, mkopo uliokwisha kutumika ni deni hata kama hukumaliza. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Basi aamue mwenyewe, lakini ajue."

Ujumbe wenye namba ulimfikia binti siku mbili kabla ya mwisho, akiwa amepanda kilimani nyuma ya kijiji ambako simu zinashika. Alinipigia kutoka huko huko, upepo ukivuma kwenye sikio la simu.

"Nimethibitisha umeme, shangazi."

"Baba anajua?"

"Anajua. Ameniuliza kama kuna mtu unayemfahamu pale mwaka wa pili. Mimi nataka pasti pepa za hesabu, za miaka mitano, zenye majibu na zisizo na majibu. Bado nina wiki sita."